Watu Tuko Nao, Kazi Ndiyo Haiko: Kupanga Siku ya Kujitolea Jimbo Zima

Mzee alifika saa tisa alasiri. Alikuja na wajukuu zake watatu, mkononi ana mfuko wa dukani wenye glavu mpya jozi nne, bado zina karatasi za bei, na aliponikuta nakunja meza ya mwisho akasimama pale kwenye nyasi anaangalia huku na huku kama mtu aliyefika msibani akakuta turubai limeshashushwa. "Binti, kazi iko wapi?" Nikamwamkia, shikamoo baba, halafu nikakosa cha kuongeza. Kazi ilikuwa imeisha tangu saa sita mchana. Watu wamesharudi makwao, mifuko ya taka imeshabebwa, hata maji ya kunywa yamekwisha.

Kilichotokea ni hiki. Tangazo letu la Kiswahili la siku ya kujitolea, hapa Oregon, Marekani, liliandikwa "saa 9 asubuhi". Aliyetafsiri aliikuta 9 kwenye tangazo la Kiingereza akaihamisha vilevile ilivyo, wakati sisi wote tunajua hiyo ni saa tatu. Mzee, ambaye maisha yake yote saa tisa ni saa tisa, akawaza hapa neno "asubuhi" ndo limekosewa, maana ni nani atawaita watoto wafyeke miiba saa tisa ya usiku. Akafikiri vizuri tu. Sisi ndo hatukufikiri, na mimi ndo niliyelipitisha lile tangazo kabla halijachapwa, nikaangalia rangi nikaangalia nembo nikaangalia majina ya mitaa, saa sikuiangalia.

Wale watoto walikuwa wamevaa viatu vya mvua. Sijasahau.

Naandika haya kwa sababu watu kadhaa wameniuliza inakuwaje mnapanga siku moja ya kujitolea kwa jimbo zima, na wengi wakiuliza wanataka nambari: mlipata mavolontia wangapi, mlikusanya tani ngapi. Nambari ninazo. Ila kitu nilichojifunza kwenye kazi hii kwa miaka kadhaa hakimo kwenye nambari, nilikisikia kwa mchungaji mmoja wa Kikongo aliyenipigia simu asubuhi moja akiwa na vijana wapatao 60 nje ya bustani ya jiji. Aliniambia, "Dada, watu tuko nao. Kazi ndiyo haiko."

Nitarudi kwake. Kwanza niseme jimbo lenyewe lilivyo, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini hii kazi ni ngumu.

Naishi Oregon, pwani ya magharibi ya Marekani. Jimbo lina kaunti 36. Multnomah, ambako ndiko lilipo jiji la Portland, ndiyo ndogo kuliko zote kwa eneo na ndiyo yenye watu wengi kuliko zote. Sasa toka hapo endesha gari kuelekea kusini mashariki, vuka milima ya Cascade, msitu unaisha, kijani kinaisha, unaingia nchi kavu yenye vichaka vya rangi ya majivu, na unafika kaunti ya Harney. Harney ukubwa wake unakaribia nchi nzima ya Rwanda, ni zaidi ya kilomita za mraba 26,000, na watu waliomo ni kama 7,500 tu. Yaani mtu anakaa ofisini Portland anasema "kila kaunti ilete mavolontia 200" na anaona amesema jambo la haki kabisa.

Halafu kuna Malheur, kaunti ya pembeni kabisa, inapakana na Idaho. Sehemu kubwa ya Malheur haifuati saa ya Portland, iko mbele kwa saa nzima. Mwaka mmoja tulipanga ufunguzi wa pamoja kwa video, jimbo zima lifungue kwa wakati mmoja, na tangazo likasema saa tatu kamili asubuhi, nukta. Watu wa mji wa Ontario huko Malheur wakafika saa tatu yao. Sisi tulikuwa bado saa mbili, tunahangaika na spika. Wakasimama kwenye baridi saa nzima wanaangalia simu yenye duara linalozunguka. Mama mmoja wa huko, mwalimu mstaafu, ambaye nitamtaja tena, alisema kwa upole tu kwamba Portland ikiamka inadhani jimbo zima ndo limeamka. Nililiandika kwenye daftari.

Kwa hiyo saa imenitia aibu mara mbili, na mara zote mbili chanzo ni kilekile, watu wa katikati kudhani kwamba saa yao ndiyo saa.

Sasa, wazo la jimbo zima kutoka siku moja kwenda kufanya kazi ya pamoja lina historia ya kujivunia hapahapa Oregon, na naipenda sana kwa sababu ilianzia kwa mtu mmoja. Mwaka 1984 Judie Neilson alikuwa mfanyakazi wa idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo. Alisoma makala kuhusu plastiki inavyoua viumbe wa baharini, ikamkaa moyoni, akaamua kuita watu. Tarehe 13 Oktoba 1984 wakatoka watu wapatao 2,100, wakatawanyika pwani ya jimbo lote, na ndani ya saa tatu wakaokota takataka tani 26 hivi. Pwani yenyewe ni ndefu, zaidi ya maili 360, na yote ni ya umma, kwa sheria ya mwaka 1967 hakuna mtu anayeweza kuweka ukuta akasema hapa ufukweni ni kwangu. Hilo nalo lilimsaidia Neilson, maana hakuhitaji kubisha hodi kwenye geti la mtu.

Lakini kinachonigusa zaidi si zile tani. Ni kwamba waliambiwa wasiokote tu, wahesabu. Walipewa karatasi wajaze wameona nini. Ndo maana leo tunajua kwamba siku ile walikuta zaidi ya vipande 48,000 vya povu jeupe, yale mapovu ya kufungashia vitu, vikubwa kuliko mpira wa besiboli. Mtu akiokota taka anasafisha ufukwe kwa wiki moja, ila mtu akiokota na kuandika anampa mwenzake ushahidi wa kwenda nao kwenye bunge la jimbo. Mwaka uliofuata California wakaanza yao. Mwaka 1986 Texas nao wakaanza, chini ya Linda Maraniss na Kathy O'Hara, watu 2,800 wakatoa tani 124, na mbegu hiyo ya Texas ndo imekua ikawa siku ya kimataifa ya kusafisha fukwe ambayo imeshafika nchi zaidi ya 100. Zote zinahesabu. Watu huwa wanaona zile fomu ni usumbufu, na mi nawaelewa, mkono una matope na kalamu haiandiki, ila nawaomba kila mwaka: andika.

Turudi kwa mchungaji.

Asubuhi ile tulikuwa tumewapangia vijana wake bustani moja, wapande miche na kueneza matandazo ya maganda ya miti. Vijana wamekuja mapema, wengine wametoka shifti ya usiku kiwandani hawajalala, akina mama wamepika, watu wamejaa. Miche ipo? Ipo, ila imo ndani ya banda la vifaa, na banda lina kufuli, na mwenye ufunguo yuko likizo, na aliyebaki badala yake hakuambiwa kwamba kuna shughuli siku hiyo. Maganda ya miti yaliyotakiwa kumwagwa jana yake hayajamwagwa. Koleo tatu. Watu 60 kwa koleo tatu.

Nilipiga simu mpaka sauti ikakauka. Kufika banda linafunguliwa imepita saa moja na dakika arobaini. Na nataka niwaeleze kinachotokea ndani ya muda kama huo, kwa sababu nimekiona zaidi ya mara moja. Dakika kumi za kwanza watu wanacheka, wanapiga picha. Dakika ya ishirini wanaanza kukaa chini. Dakika ya thelathini vijana wenye magari wanaanza kuangaliana, mmoja anasema nipo nakuja, harudi. Mwenye mtoto mchanga anaondoka kwa haki kabisa. Wanaobaki mpaka mwisho ni wale wenye adabu sana, wanabaki kwa ajili ya mchungaji wao, si kwa ajili ya bustani. Na mwaka unaofuata ukiwapigia wanasema tutaona Mungu akipenda, na wewe mwenye masikio unajua hiyo maana yake nini.

Nyumbani Tanzania nilikulia kwenye msaragambo. Mbiu inapigwa, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, mnaenda kuchimba mtaro au kutengeneza barabara. Tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Sisi siku ile tulipiga mbiu jimbo zima, redio, mabango, mitandao, gavana katoa tamko, halafu watu wameitika mbiu wamekuja na jambo hatujaliandaa. Hilo ndilo kosa kubwa la siku za kujitolea na mi nasema bila kuogopa, hakuna ubahili wa moyo hapa. Watu wana moyo. Kinachokosekana ni kazi iliyoandaliwa vizuri, yenye mwanzo na mwisho, inayotosha idadi ya mikono iliyokuja.

Tangu siku ile sipeleki kundi mahali ambapo sijafika kwa miguu yangu, au hajafika mtu ninayemwamini. Tunaita kukagua eneo. Unaenda wiki mbili tatu kabla, siku na saa ileile ambayo watu watakuja, si jioni ukitoka kazini, kwa sababu Jumamosi asubuhi uwanja unaouona mtupu Jumatano jioni kumbe una ligi ya mpira wa watoto na hakuna pa kuegesha hata baiskeli. Unatembea eneo lote. Unauliza choo kiko wapi na kinafunguliwa saa ngapi. Unatafuta kivuli. Unaangalia simu yako kama ina netiweki, kwa sababu mtu akiumia na hakuna netiweki lazima ujue ni dakika ngapi kufika inakopatikana. Unamuuliza mwenye eneo swali ambalo wengi hawaulizi: mifuko ikishajaa inaenda wapi, nani anaibeba, lini, na dampo Jumamosi linafunga saa ngapi? Nimeona mifuko 90 ya taka imepangwa vizuri kando ya barabara Jumamosi, Jumatatu bado ipo, rakuni, wanyama wa huku wanaopekua taka usiku, wameshaifungua, taka zimerudi zilikotoka, na watu wa mtaa ule wanasema hao wanaojitolea ndo wametuletea uchafu.

Kisha unasimama katikati ya eneo unajiuliza: mtu mmoja akifanya kazi hii peke yake itamchukua saa ngapi? Ukipata jibu, gawanya. Kazi ya saa 60 haiwezi kupewa watu 60 kwa saa tatu, itaisha kabla jua halijapanda na watu watasimama. Mimi nahakikisha kila watu kumi wana kiongozi mmoja aliyeshafika pale kabla, na kila eneo lina kazi ya akiba pembeni, kitu ambacho hakijatangazwa, mfano kupaka rangi mabenchi, ili wakija wengi kuliko tulivyotegemea tusimwambie mtu ahsante rudi nyumbani.

Mambo ya sheria nitayapita haraka ila msiyapuuze. Marekani ina sheria ya mwaka 1997 ya kumlinda anayejitolea, kwamba akifanya kosa la kawaida la kibinadamu akiwa kwenye kazi ya shirika lisilo la faida au ya serikali hatashtakiwa binafsi alipe. Watu wakisikia hivyo wanapumua. Sasa soma ndani: inamlinda mtu, hailindi shirika, na haimlindi aliyesababisha madhara akiwa anaendesha gari. Kwa hiyo yule kaka mwenye pikapu anayejitolea kubeba vijana nyuma kutoka eneo hadi eneo, mwambie asante kaka, hapana, nyuma ya pikapu tunabeba reki. Bima ya siku ile inunuliwe na kamati kuu kwa ajili ya maeneo yote, kwa sababu kikundi cha akina mama 12 kule Klamath Falls, mji wa kusini mwa jimbo, hakiwezi kununua peke yake, na hii ni moja ya sababu za kuwepo na kitu kinaitwa "jimbo zima" tangu mwanzo. Watoto chini ya miaka 18 wana fomu ya mzazi. Fomu iwe kwa lugha ambayo mzazi anaisoma, si saini tu ya kutimiza wajibu.

Na daftari la mahudhurio. Nawasumbua sana watu na hili daftari, jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Sababu ni pesa. Ruzuku nyingi zinataka na wewe uchangie sehemu yako, na mara nyingi saa za kujitolea zinakubalika kuhesabiwa kama mchango. Shirika la Independent Sector hutoa makadirio kila mwaka ya thamani ya saa moja ya kujitolea Marekani, kwa mwaka 2023 ilikuwa dola 33.49. Watu 60 saa tatu, piga hesabu, ni zaidi ya dola 6,000, na zote zinapotea kama hakuna karatasi. Nilipowaeleza akina mama wa kanisa hivyo, kwamba jasho lako limeandikwa bei, mmoja wao alichukua kalamu akaanza yeye kuwafuata watu wasaini, hakuna aliyemponyoka.

Mifumo ya kuomba msaada ipo. Tangu sheria ya mwaka 1993 aliyoisaini Bill Clinton, ile iliyozaa AmeriCorps, mpango wa taifa wa huduma ya kujitolea, majimbo yakawa na tume za huduma ya kujitolea, wajumbe wake wanateuliwa na gavana. Mwaka uliofuata, 1994, mbunge John Lewis na seneta Harris Wofford wakasukuma sheria ya kuifanya sikukuu ya Martin Luther King kuwa siku ya kutumikia jamii, watu watoke wafanye kazi badala ya kulala. Naiheshimu sana siku hiyo. Ila inaangukia Januari, na Januari mashariki ya Oregon ardhi imeganda, huwezi kuchimba shimo la mti hata ukija na jeshi. Huko siku hiyo kazi ni ya ndani, kufungasha chakula, kusoma na watoto, kumtembelea mzee aliyefungiwa na theluji. Ukiwa Portland unapanga lazima mtu akukumbushe.

Na hapo ndo namrudia yule mwalimu mstaafu wa Ontario.

Baada ya kosa la saa nilipanda gari nikaenda kumwona. Ni mwendo wa saa sita hivi, unafuata mto Columbia halafu unapanda milima halafu unashuka kwenye bonde la mto Snake, mashamba ya vitunguu kushoto kulia. Nilikuwa na mpango wangu kwenye kompyuta, jimbo zima tunaokota taka Septemba, fulana zimeshachorwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taka si tatizo letu kubwa hapa, twende nikuonyeshe. Tukatoka nje, tukatembea mpaka njia ya baiskeli pembeni ya shule, akainama akanyanyua kitu akanipa mkononi.

Ilikuwa mbigili.

Sikuamini. Mbigili ileile iliyotuchoma miguu tukiwa watoto tunaenda kisimani. Majani madogomadogo yamepangana pande mbili, shina limelala chini limesambaa kama mkeka, viua vya njano vya petali tano, na tunda lile gumu likikauka linagawanyika vipande vitano, kila kipande na miiba yake miwili kama pembe za mbuzi. Hata wao wanaiita kichwa cha mbuzi. Nikamwambia jina lake kwetu, akalirudia taratibu, m-bi-gi-li, akaliandika.

Akanieleza. Watoto hawaendi shule kwa baiskeli kwa sababu tairi hazimalizi wiki. Kuna jirani yake kwenye kiti cha magurudumu ambaye majira ya joto hatoki nje kabisa. Mbwa wanachechemea. Jimbo limeiweka kwenye orodha ya magugu hatari lakini orodha haing'oi kitu. Nikasema basi, Septemba tutang'oa mbigili badala ya taka. Akatikisa kichwa. Septemba umechelewa, miiba imeshaanguka, ukiing'oa unatikisa mbegu unapanda za miaka ijayo. Inang'olewa Julai, ikiwa kijani, unakata mzizi mkuu chini ya shingo kwa jembe dogo, unauvuta mmea wote mzima kama unakunja kitambaa, unautia kwenye mfuko, unafunga, unapeleka kwenye taka, usiuache uozee bustanini. Na ile iliyokwisha kukauka unachukua kipande cha zulia kuukuu unakiburuta juu ya ardhi, miiba inajichoma yenyewe kwenye zulia. Na uanze asubuhi mapema sana kwa sababu Julai kwao jua halina huruma.

Nilikaa kwenye gari kabla ya kuwasha nikiwaza. Tulikuwa tumempelekea huyu mama fulana, bango, tarehe, saa na kazi. Vyote vyetu. Yeye alichohitaji ni bima, mifuko migumu, glavu za ngozi maana zile za mpira mbigili inapita, gari la kubebea taka, na mtu wa kumwandikia barua halmashauri ya mji. Hivyo vyote sisi tunavyo na ni rahisi kwetu. Kazi yenyewe anaijua yeye kwa jina na kwa mzizi.

Kurudi nikaiambia kamati tuache tarehe moja. Haikupita kirahisi, nisiwadanganye, tulibishana mikutano mitatu. Wenzangu walisema bila siku moja hakuna picha ya jimbo zima, hakuna habari kwenye televisheni, wafadhili wanataka siku. Wana hoja na bado wanayo. Tulichokubaliana ni kwamba ufukwe na maeneo ya magharibi wabaki Septemba, Jumamosi ileile ya tatu ambayo dunia nzima inasafisha fukwe, na kaunti nyingine zichague wakati wao kati ya Aprili na Oktoba, ila zote zitumie fomu moja, bima moja, na daftari moja la kuhesabu. Picha ya jimbo zima inatoka mwisho wa mwaka. Kwa upande wangu naona ni picha ya kweli zaidi.

Septemba nayo ina mambo yake siku hizi. Moshi. Septemba 2020 moto uliteketeza zaidi ya ekari milioni 1 Oregon, maelfu ya nyumba yakaisha, na anga la Portland likawa la machungwa saa sita mchana. Tangu hapo kwenye mpango wetu kuna mstari mmoja ambao hauna mjadala: kipimo cha uchafu wa hewa (AQI) kikifika 151 au zaidi shughuli inaahirishwa, asubuhi hiyohiyo, hata kama gavana yuko njiani. Na uamuzi ni wa kiongozi wa eneo, haulizi ruhusa. Yeye ndo anavuta ile hewa.

Glavu tunanunua kwa pesa za makopo matupu. Oregon tangu 1971 ina sheria ya kurudisha chupa na makopo, ya kwanza nchini, na siku hizi kopo moja linarudisha senti 10. Vijana wa mchungaji wanakusanya mwaka mzima, mifuko imejaa kwenye gereji ya kanisa. Mchungaji alirudi, eeh. Ilichukua miaka miwili na mimi kwenda kukaa kwenye ibada yao nikaomba radhi mbele ya watu, halafu nikamchukua yeye mwenyewe kukagua eneo, akafungua kufuli kwa mkono wake akahesabu koleo. Zilikuwa 41. Akahesabu tena.

Na mzee wa glavu. Nilimfuata kwake wiki ileile, nikamkuta ameketi nje, nikamwambia baba kosa ni letu. Akasema sawa, watoto walisikitika kidogo tu. Nikamwomba kitu: kabla tangazo lolote la Kiswahili halijachapwa alisome yeye kwanza. Akakubali, akaniuliza kama analipwa, nikamwambia hapana, akasema basi ni vizuri. Juzi nimemtumia la Ontario la Julai, kuna familia kadhaa za Kikongo zinataka kusafiri kwenda kusaidia. Baada ya nusu saa akapiga.

"Binti, hapa mmeandika saa moja asubuhi."

"Ndiyo baba."

"Saa moja ya hapa ama saa moja ya kule?"